Springi Nyekundu na Mama Mkwe

Gaudensi alikuwa fundi cherehani wa sare za shule mjini Ifakara, mtu mpole kabisa, asiyegombana hata na mteja aliyeleta kitambaa cha kaptula akadai suruali. Upole huo ulikuwa unamwishia Jumapili, misa ikishatoka, anapoingia ndani ya Mark Two yake nyeupe na kushika njia ya kijiji cha Mbingu. Nje kidogo ya mji kulikuwa na uwanja wa ndege wa shamba moja lililokufa zamani. Pembeni lami ilikuwa imepasuka na kuota nyasi, lakini katikati ilibaki imenyooka vizuri, na hapo ndipo vijana, pamoja na watu wazima wenye akili za vijana, walipokutana kushindanisha magari mawili mawili. Mchezo huo wao waliuita dragi.

Injini ya Gaudensi haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa kuondoka. Refa alikuwa Remigius, mwalimu mstaafu wa michezo, ambaye hakuwa na bendera, hivyo alitumia kitenge. Kitenge kikishuka tu, tairi za nyuma za Mark Two zilizunguka palepale, zikapiga kelele na kutoa moshi kama jiko lililowekwa kuni mbichi. Moshi ukitulia, Salimu, muuza mabati mwenye Altezza, alikuwa ameshafika mwisho wa uwanja, amekaa juu ya boneti anakunywa soda.

"Gaudensi, ndugu yangu, wewe huji kushindana," Salimu alimwambia Jumapili moja mbele za watu. "Unakuja kutufukizia mbu. Na kwa hilo tunakushukuru."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Gaudensi naye alicheka, lakini usiku ule hakula vizuri.

Jumatatu akamchukua fundi wake wa gari, Fidelis, wakaenda kwenye duka la spea la Ahmad karibu na soko. Njiani Fidelis alimweleza ugonjwa wa gari kwa kutumia mikono yote miwili.

"Gari lako linasukumwa na tairi za nyuma. Likitaka kuondoka, uzito lazima urudi nyuma uzikandamize zile tairi, la sivyo zinateleza. Kwa hiyo mbele tunaweka springi laini, pua inyanyuke. Nyuma tunaweka shokapu ngumu kidogo, makalio yakishuka yatulie, yasidunde. Gari liwe kama mtu anayetaka kuchuchumaa."

"Kuchuchumaa?"

"Eeh. Linachuchumaa, halafu linaruka."

"Na kwa kuonekana litakuwaje?"

Fidelis alifikiri. "Litaonekana kama gari."

Jibu hilo halikumfurahisha Gaudensi. Walipofika dukani, kabla Fidelis hajamaliza kutaja anachotaka, Ahmad alikuwa ameshaweka mezani springi nne fupi, nene, nyekundu kama nyanya mbivu, bado zina mafuta ya kiwandani.

"Hizi zinashusha gari," Ahmad alisema. "Linalala chini. Mtu akiliona limesimama tu, anadhani linakimbia."

Maneno hayo yalimwingia Gaudensi moja kwa moja. Akainua springi moja, akaipima mkononi, akainusa.

"Gaudensi," Fidelis alisema, "hizo ni fupi na ngumu, mbele na nyuma. Pua haitanyanyuka, makalio hayatashuka. Gari litakuwa meza."

"Meza ya chini," Ahmad akasahihisha.

"Zifungwe," Gaudensi akasema.

Zikafungwa. Gari likalala chini kweli, na mtaa mzima ukaja kulitazama. Mke wake, Oliva, alitoka ndani akiwa na mwiko mkononi, akalizunguka gari taratibu.

"Limeishiwa upepo?" akauliza.

Jumamosi Gaudensi alitumwa Mkula kumchukua mama mkwe wake. Mama huyo aliitwa Levina, mjane mwenye mwili wake, mkulima wa mpunga aliyezoea kuongea na watu walioko ng'ambo ya shamba. Alikuwa anakwenda Mbingu kwenye ubatizo wa mjukuu wa dada yake, na angelala Ifakara kwanza. Gaudensi alipakia gunia la mchele wa zawadi, akamkaribisha mama mkwe kiti cha nyuma kwa heshima zote, wakaondoka.

Kila tuta lilikuwa msiba. Ilibidi Gaudensi alivuke kimshazari, tairi moja baada ya nyingine, kama kaa, na bado tumbo la gari lilikwaruza kwa sauti ya kutia meno ganzi. Bodaboda zilimpita. Baiskeli yenye kreti za bia ilimpita. Kwenye lami laini, kila kiraka kilimrusha mama mkwe kidogo, na kilemba chake kikagonga dari. Walipofika nyumbani, mama alishuka, akajinyoosha kiuno, akatazama walikotoka.

"Baba Alfonsi," alimwita kwa jina la mjukuu wake, "barabara hii ina lami?"

"Ndiyo, mama. Lami nzuri tu."

"Kumbe. Nilidhani tumepita kwenye majaruba."

Kesho yake, baada ya misa, ilibidi ampeleke Mbingu. Oliva alikuwa zamu kazini, kwa hiyo walikuwa wawili tu. Uwanja wa ndege ulikuwa njiani. Gaudensi alipambana na nafsi yake kwa muda mfupi sana.

"Mama, naomba tupite hapa mara moja. Kuna watu nataka niwasalimie."

Mama mkwe akakubali. Akapewa kiti cha plastiki chini ya turubai, na Gaudensi akalishusha gunia la mchele ili gari liwe jepesi. Kila mmoja alikuwa na mizunguko miwili. Gaudensi akajipanga na Salimu, huku watu wakizisifia springi nyekundu zilizochungulia nyuma ya tairi. Kitenge kikashuka. Mark Two haikutoa moshi tu safari hii, ilidunda. Tairi za nyuma ziliruka na kutua, zikaruka na kutua, kama mbuzi aliyefungwa kamba, mpaka kizibo kimoja cha rimu kikachomoka na kukimbia chenyewe uwanjani. Kizibo kilikwenda mbali kuliko ilivyotarajiwa, na watu wakakishangilia.

Mara matone ya mvua yakaanza. Mama mkwe aliinuka, akaagiza vijana wawili wabebe gunia lake lisilowe, wakalirudisha kwenye buti. Yeye akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akaketi.

Remigius akapiga filimbi. "Mzunguko wa pili upesi, kabla lami haijalowa!"

Gaudensi akainama dirishani. "Mama, naomba ushuke kidogo tu."

"Nishuke niende wapi? Mvua hiyo."

"Kuna turubai, mama."

"Lina tundu, na tundu lipo juu ya kiti changu. Wewe fanya mambo yako, mimi nimeshakaa."

Gaudensi alimgeukia Remigius kwa macho ya kuomba msaada. Refa alikuna kichwa. Sheria za uwanja zilikataza pombe, ndala na kuingiza ng'ombe. Za mama mkwe hazikuwepo.

"Avae helmeti tu," Remigius akaamua.

Ikaletwa helmeti ya bodaboda. Haikuingia vizuri kwa sababu ya kilemba, ikakaa juu kama chungu kichwani, lakini mkanda wake ulifunga. Salimu akalalamika kwamba mwenzake amebeba mzigo.

"Mzigo gani?" Remigius akamuuliza. "Nenda wewe ukamwambie mwenyewe kwamba ni mzigo."

Salimu akarudi kwenye gari lake.

Kitenge kikashuka, na Gaudensi akakanyaga. Jambo ambalo hakuwahi kulihisi tangu anunue gari likatokea. Makalio ya Mark Two yalishuka yakatulia. Tairi ziliikamata lami kama mkono unavyokamata mpini, na gari likaondoka kwa nguvu iliyomgandisha kwenye kiti. Hakukuwa na moshi. Alitazama kioo, na pembeni ya helmeti iliyokuwa imekijaza kioo kizima, akaiona Altezza ya Salimu nyuma. Nyuma! Mwisho wa uwanja ulikuwa pale pale mbele yake.

"Yesu na Maria!" mama mkwe akapaza sauti.

Mguu wa Gaudensi haukumsubiri. Mkwe akipiga kelele namna hiyo, mtu hafikiri, anatii. Akapiga breki mpaka gari likasimama kimya, na Altezza ikawapita ikipiga honi ndefu.

Gaudensi akageuka nyuma.

"Mbona umesimama?" mama mkwe akauliza.

"Nimesikia umeita, mama."

"Nimekuita wewe? Nilikuwa namwita Yesu!" Akasogeza helmeti iliyokuwa imeshuka machoni. "Tulikuwa tunamshinda yule!"

Mpaka Mbingu alikuwa bado ananung'unika. Kwenye ubatizo, Gaudensi alikaa mbele ya sahani ya pilau bila kuiona, akiirudia moyoni ile sekunde gari liliposhika lami. Aliona aibu kwa breki, lakini chini ya aibu ile kulikuwa na kitu kitamu. Alikuwa ameonja. Sasa alijua gari lake linaweza.

Jumatatu, kabla hajafungua kibanda chake cha ushonaji, alikuwa gereji kwa Fidelis.

"Nataka likae kama lilivyokaa jana," alisema. "Mama akiwa nyuma. Ila mama asiwepo."

Fidelis hakumkumbusha lolote. Alifuta mikono, wakaenda tena kwa Ahmad. Habari zilikuwa zimeshawatangulia.

"Huyo mama ana kilo ngapi?" Ahmad aliuliza. "Nipate kujua unataka nini."

"Ahmad, mimi nikamuulize mama mkwe wangu kilo zake?"

"Basi tukadirie."

"Tusikadirie," Fidelis akawakata. "Nimesema tangu mwanzo. Mbele laini, nyuma shokapu ngumu kidogo."

Ahmad alichimba chini ya kaunta akatoa springi ndefu za mbele, za kijivu, zisizo na uzuri wowote, na shokapu za nyuma zenye kitufe cha kukazia; springi za nyuma zingerudi zile za zamani. Springi nyekundu akazichukua badala ya zile za kijivu, maana kulikuwa na dereva mmoja wa Mlimba aliyetaka gari la kuolea. Kwa shokapu, Gaudensi aliahidi kumshonea kanzu mbili. Safari hii alizishika spea zile bila kuzinusa.

Jioni walijaribu barabarani. Fidelis alikalia buti, akashuka, akakaza shokapu, akakalia tena, kama mtu anayechagua godoro. Hatimaye Gaudensi akakanyaga, pua ya Mark Two ikanyanyuka kidogo, makalio yakashuka, na gari likaenda. Alipogeuka kurudi alikuwa anacheka peke yake.

Jumapili iliyofuata alifika uwanjani akiwa na uhakika ambao hakuuzoea. Akajipanga mstarini. Altezza ikaja ikasimama ubavuni, vioo vya giza vimefungwa. Remigius akainua kitenge. Hapo kioo cha mlango wa nyuma wa Altezza kikateremka, na Gaudensi akaona kilemba, na juu ya kilemba, helmeti.

Ilikuwa hivi: katikati ya wiki Salimu alikuwa amepeleka mabati Mkula, akamkuta Levina, akambembeleza. Alikuwa ameona kwa macho yake mama huyo alivyoifanya Mark Two ikimbie. Levina naye aliweka sharti moja tu, kwamba dereva asisimame njiani.

Gaudensi hakuyajua hayo. Alichokijua ni kwamba mama mkwe wake yuko mita mbili kutoka kwake, na hajamwamkia. Hangeweza kumpita kama mti. Akatoa kichwa dirishani.

"Shikamoo, mama!"

Kitenge kikashuka.

"Marahaba, baba, hujam..." Sauti ikaondoka na Altezza.

Gaudensi akakanyaga akiwa amechelewa. Gari likachuchumaa, likaruka. Liliila ile nafasi kwa pupa, mpaka pua ya Mark Two ikawa kwenye mlango wa Salimu, na hapo uwanja ukaisha. Watu walipiga kelele za kushangaa. Fidelis alikuja mbio mpaka dirishani.

"Umeona? Springi za Salimu zilikuwa sawa tangu zamani. Yeye hakuhitaji kuongeza mtu, amejibebesha tu! Mzunguko wa pili usisalimie mtu!"

"Nimeshamsalimia," Gaudensi akasema.

Mzunguko wa pili hakutazama pembeni. Kitenge kiliposhuka alikuwa ameshaondoka, bila moshi, bila kudunda, na Altezza ikabaki kwenye kioo cha nyuma mpaka mwisho. Alivuka mstari akapitiliza mpaka kwenye nyasi, akazima injini, akakaa na mikono kwenye usukani akipumua. Watu walikuwa wanakuja mbio. Aliona Salimu anashuka, anatikisa kichwa, anamfungulia mlango abiria wake.

Levina alitembea moja kwa moja mpaka kwenye Mark Two, helmeti bado kichwani. Gaudensi akashuka haraka, akasimama wima.

"Hongera, Baba Alfonsi," mama mkwe akasema. "Ila siku nyingine ukitaka kunipita mimi, piga honi."

"Ndiyo, mama."

Akamfungulia mlango wa nyuma. Mama mkwe akautazama, akazunguka gari, akakaa mbele, akavuta mkanda na kuuliza kama Ifakara bado wanauza samaki wa kukaanga Jumapili mchana.