Gundi Iliyobaki Tangini

Miezi minane nilipigana na sindano. Si sindano za hospitali. Nasema chembe za dawa ya homa tunayotengeneza kiwandani. Kila zikiganda hurefuka na kuchongoka, huziba chujio, na kazi ya siku nzima inamwagwa. Meneja alishanichoka. Mimi nilishajichoka kabla yake.

Mara moja tu zilitoka fupi na nene kama chumvi ya mawe. Sijamaliza kufurahi, mpimaji wa maabara akakuta ndani yake mabaki ya gundi ya kushikanisha vidonge. Tangi lilikuwa limetumika jana yake kukorogea gundi hiyo, na halikusuuzwa mara tatu kama sheria inavyotaka. Dawa yote ikatupwa. Nikaandika ripoti, ndiyo kazi yangu, na kwa ripoti hiyo mwosha matangi akafukuzwa. Mwosha matangi huyo ni shangazi yangu aliyenilea, na tunakaa nyumba moja. Hakunilaumu hata kwa jicho. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Wanasema akili ni nywele. Zangu zilichelewa kuota. Wiki tatu zilipita ndipo nikajiuliza: je, kama ni gundi iliyozifupisha? Nikatia kidogo, safari hii makusudi, kwenye tangi safi. Gundi ikang'ang'ania ncha za chembe, zikashindwa kurefuka. Chujio halikuziba. Meneja akanipa mkono, nami nikaona hapo hapo pa kumwombea shangazi.

"Lete maelezo yake kwa maandishi," akasema. "Kwa nini hakusuuza? Sababu ikiwa ya maana, arudi Jumatatu."

Jioni nilimkuta jikoni anachambua maharage, mguu wake mbovu ameuegemeza kwenye kigoda. Nikamweleza yote.

"Kumbe uchafu wangu umekuwa dawa," akasema, akacheka kidogo. "Na ada zote zile tulizokulipia."

"Shangazi, niambie tu kwa nini ulisuuza mara moja. Ni mguu?"

Akatupa harage bovu pembeni.

"Ulikuja mlangoni nikiwa nasuuza, mwanangu. Ukasema, 'Fanya haraka shangazi, hapo panatosha, meneja ananisubiri.' Nikafunga maji."

Nikakumbuka. Nilikumbuka hata nilivyokuwa natazama saa. Hayo sikuyaandika kwenye ripoti. Niliona aibu, nikatoa kalamu na karatasi niyaandike sasa.

"Rudisha hiyo," akasema. "Unadhani nilinyamaza kwa kusahau? Wakikufukuza na wewe, humu ndani tutakula nini? Andika mguu."

"Nikiandika mguu watasema mgonjwa hafai kuosha matangi."

"Basi usiandike kitu."

Nilikaa na karatasi ile mpaka maharage yakaisha kuchambuliwa, ikabaki tupu. Jumatatu nilikwenda kazini peke yangu.