Mshenga Aliyewahi Kuuzwa

Alhamisi moja ya mwaka 1979, baada ya sala ya alasiri, vijana wa klabu moja ya Ibra, Oman, walikuwa wakiokota mawe kiwanjani, pembeni ya wadi, yaani mto mkavu, gari lilipomshusha mwalimu wao mpya. Klabu ilikuwa imeomba Ulaya mwalimu wa mpira wa magongo, mchezo ambao wengi wao waliuacha Unguja pamoja na nyumba zao. Hakuna aliyekumbuka kusema kwamba ni magongo ya nchi kavu. Wakaletewa Veikko, mzaliwa wa Finland, mchezaji wa barafuni, goti bovu, meno ya mbele hana.

Veikko alikaa juu ya jiwe akavaa viatu vyake vyenye visu. Aliposimama, kiwanja kikaganda kuanzia miguuni pake hadi kwenye mitende. Jua lilikuwa kali vilevile. Vijana wakaacha kuokota mawe, kwa kuwa yalikwisha funikwa. Sheikh wa msikiti alipoulizwa, alijibu kwamba barafu ni maji, ikiyeyuka hutiliwa udhu, na Mwenyezi Mungu huumba atakacho.

Wote walianguka isipokuwa Marzouq, fundi wa pampu za maji. Msimu ule Ibra iliwafunga Sur, na mabao karibu yote yalikuwa yake. Watu walimbeba mabegani.

Basi Marzouq akaona wakati umefika. Alimtaka Ghalia, mwalimu wa shule, binti wa Mzee Humoud. Walikua mtaa mmoja Unguja, na Ghalia mwenyewe alikwisha ridhia. Kilichokosekana ni mshenga. Kila mtu mzima aliyeombwa alikuwa na safari. Babu yake Marzouq alikuwa mtumwa wa babu yake Humoud, na hilo lilivuka bahari pamoja nao. Mwishowe akamwomba Veikko, ambaye Kiswahili alifundishwa na vijana, tena hicho cha kiwanjani.

Veikko akaketi barazani kwa Mzee Humoud, akala halua, akanywa kahawa, akatoa posa. Mzee akasema kwa upole kwamba kijana ni mwema, anasali, hana kasoro, lakini kwa nasaba si kufu yao. Veikko akauliza kufu ni nini. Akaelezwa kwamba babu wa kijana alinunuliwa.

"Hata mimi, Mzee," alisema Veikko, akafurahi kuona jambo lenyewe ni dogo. "Kwetu wakaniuza Sweden. Sweden wakaniuza Kanada. Na nyinyi mmeninunua. Kila nikiuzwa nazidi heshima."

Mzee Humoud akamwongezea kahawa.

"Wewe uliuzwa ukiwa na jina lako, mwanangu. Babu yake aliuzwa, akapewa letu."

"Kama jina ni lenu, basi ni wenu."

"Ni wetu, naam," alisema Mzee. "Ndiyo maana hatuwezi kumwoza."

Veikko akarudi kutoa habari neno kwa neno, kama mshenga apaswavyo. Marzouq alimsikiliza akiwa ameinamia pampu. Akamwuliza kama Mzee alisema "wetu". Veikko akasema ndiyo, akaongeza kwamba kwa sikio lake lilikuwa neno zuri.

Ghalia akaozwa Khalaf, binamu yake wa Sinaw. Harusi iliangukia kwenye joto kubwa, na sharbati ilihitaji barafu. Goti la Veikko lilikuwa limevimba, na mwingine wa kusimama pale kiwanjani hakuwepo, kwa hiyo akaitwa Marzouq. Aliikata kwa msumeno, akaifunga kwenye magunia, akaileta hadi mlango wa jikoni. Mzee Humoud alitoka mwenyewe kuipokea, akamshika mkono mbele ya wageni.

"Allah akuweke, mwanetu," akamwambia.

Wageni wakasifu ubaridi. Kiwanja hakikuyeyuka mwaka ule wala uliofuata, na wenye maduka wakazoea kupeleka samaki wao huko. Jikoni siku ile ya harusi alikuwepo Mabruka, mama yake Marzouq, ambaye harusi zote za nyumba ile aliosha vyombo. Bilauri ya bibi harusi ilirudi kwake imejaa sharbati. Akaimwaga, akaisuuza, akaipanga na nyingine.