Mchezo Uliofunikwa kwa Karai

Mtu tusiyemjua alisukuma pikipiki yake hadi chini ya mabati ya kinu cha unga, maji yakimchuruzika mpaka kwenye viatu, akasema, "Hamjambo hapa? Naomba kujikinga mvua."

Ogweno, fundi wa kuchomelea vyuma, hakuinua macho kutoka kwenye ubao. "Mvua ni ya Mungu, mabati ni ya Jakom. Kaa kwenye benchi, wendo. Zamu yako itafika."

Wendo ni mgeni, na Jakom alikuwa Mzee Nyangau, mwenye kinu na mwenyekiti wa klabu yetu ya drafti. Hapo Rodi Kopany, mgeni akikuta mchezo unaendelea haulizwi shida yake mpaka acheze kwanza. Anakaa kwenye benchi kama wengine. Anayefungwa anainuka, anayefuata anakaa. Chifu msaidizi aliwahi kuja kutafuta ng'ombe aliyeibwa, na ilibidi afungwe na Ogweno ndipo aulize habari za ng'ombe.

Tulikuwa tukicheza Jumapili alasiri, kinu kikiwa kimezimwa, Wakatoliki wakiwa wametoka misa, na sisi Wasabato tukiwa na pumziko la jana mwilini. Ubao wetu aliuchora Nyangau mwenyewe kwa rangi iliyobaki alipopaka mlango. Kete zilikuwa vizibo vya soda: mmoja anacheza na vilivyolala kifudifudi, mwingine na vilivyotazama juu.

Mimi ndiye niliyekuwa msichana pekee. Nilipomaliza chuo nilikuja kumsaidia shangazi yangu Eucabeth katika duka lake la mbegu na dawa za mifugo, huku nikingoja kuitwa kazini. Sikuitwa. Shangazi alipougua akarudi kwao Keroka, duka likabaki mikononi mwangu. Kila siku tangu asubuhi niliongea na watu wengi, lakini kuhusu minyoo ya mbuzi na kupe tu. Kila jioni nilishusha mlango, nikapika ugali wa mtu mmoja, nikaongea na redio. Lakini kila Jumapili nilipofika kinuni, mtu alisogea kwenye benchi kunipisha na kusema, "Nyar Kisii amefika, fungeni vibwebwe." Binti wa Kisii. Siku ya kwanza walinicheka. Nilipomfunga Ogweno alitangaza kwamba nilinyonyeshwa vizibo. Tangu hapo niliishi juma zima nikiingojea siku hiyo moja.

Yule mgeni alimfunga Ogweno upesi na bila maneno.

"Huyu si mtu," Ogweno alisema akiinuka. "Nyar Kisii, kaa hapa unilipizie kisasi."

Nikakaa. Mgeni alikuwa na tabia ya kugusa kizibo kwa ncha ya kidole kabla ya kukisukuma, kama anayeomba ruhusa. Nilimtegea, akanusa mtego akaupita. Akanitegea, nikacheka, naye akacheka. Watu walitukalia mabegani. Tulipofika katikati, mvua ikiwa imekatika, Nyangau akaona mgeni ameshacheza vya kutosha.

"Haya, ndugu. Tuambie sasa. Umetoka wapi, na umeleta nini?"

Mgeni alitoa mkono wake kwenye ubao taratibu. "Naitwa Boaz Mniko. Natoka Migori. Nimetumwa na Shirikisho."

Hapakuwa na haja ya kuongeza. Tulikuwa tumeshazisikia habari. Miaka yote klabu ililipa Shirikisho la drafti la Nairobi ada ndogo ya pamoja, tukapata nafasi ya kucheza mashindano ya Homa Bay. Sasa Nairobi walitaka kila mchezaji alipie kichwa chake. Zaidi ya hapo, klabu inunue kwao mbao za plastiki, kwa maana ubao wa rangi ya mlango na vizibo vya soda havikutambuliwa tena. Boaz aliyasema hayo akiangalia viatu vyake vilivyolowa.

"Nikilipia kichwa," Ogweno alisema, "mke wangu ataniuliza kichwa hicho kina nini cha kulipiwa."

Watu wakacheka, lakini benchi lilikuwa limeshamhama Boaz. Alibaki peke yake upande mmoja.

"Jibu utalipata ukirudi," Nyangau alimwambia. "Tuna mkutano wetu."

Kwetu mchezo usioisha hauvurugwi. Unafunikwa kwa karai la unga, ubao unapandishwa juu ya rafu, unakaa hivyo mpaka wenyewe waumalize. Kuna mzee aliyelazwa hospitali mchezo wake ukiwa rafuni kwa miezi. Alirudi na fimbo, karai likafunuliwa, akafungwa papo hapo. Alifurahi mno.

Nilileta karai mwenyewe. Boaz alinisaidia kuinua ubao bila kutikisa kizibo hata kimoja.

"Kule Kosele walinirushia maganda ya miwa," alisema kwa sauti ya chini. "Zamani nikifika mahali napokewa kama shemeji. Sasa nikitaja tu aliyenituma, mchezo unaisha. Wewe ni wa kwanza mwaka huu niliyecheza naye mpaka nikacheka." Aliwasha pikipiki. "Huu tutaumaliza?"

"Ukirudi tutaumaliza."

"Unaahidi?"

"Naahidi."

Lilikuwa jambo dogo sana, nililisema nikijipangusa unga mikononi.

Mkutano ulifanyika Jumapili iliyofuata. Nilisimama nikasema ada ile si haki, kwamba mchezo wa watu wa soko haufai kuwekewa geti. Nilishauri tuwaandikie Shirikisho, tuombe kulipa kwa pamoja kama zamani. Ogweno aliniuliza kama nimewahi kuandika barua ikajibiwa. Nikakumbuka barua zangu zote za kuomba kazi, nikakaa. Ilipokuja kura ya kujitoa Shirikisho, nilinyoosha mkono pamoja na wote. Niliamini, na bado naamini, kwamba tulifanya sawa.

Kisha Nyangau akaongeza la pili. "Na hapa hakuna kucheza na mtu wa Shirikisho. Atakayekaa ubaoni na mtu wao, asikae na sisi tena. Tukilegea kidogo, watajua tunaogopa."

Mikono ikapanda. Wangu ulibaki mapajani.

"Jakom," nikasema, "kuna mchezo wetu kwenye rafu."

Nyangau alitazama rafu, akatazama mikono iliyokuwa hewani. Alikuwa mtu mwema. Aliniletea uji nilipokuwa na malaria. "Huo umekufa, mwanangu," alisema. Lakini hakuugusa.

Boaz alirudi mvua zikiwa zimekwisha, vumbi likiwa limempaka nyusi. Alisimama nje ya kivuli cha mabati. Nyangau alimpa jibu kwa adabu na kwa ufupi: tumejitoa. Boaz akaitika kwa kichwa. Hakubishana.

"Nitawafikishia," akasema. Kisha akanitazama mimi, halafu rafu, halafu akageuka upesi kwenye pikipiki yake, kama mtu asiyetaka kumtia mwenzake aibu.

Angeondoka. Nadhani ndicho kilichonisimamisha, kwamba angeondoka bila kunidai.

Nilishusha ubao nikauweka juu ya meza. Nyangau alinifikia kabla sijaliondoa karai. Aliliinua yeye, akavikumbiza vizibo vyote kwenye kopo kwa kiganja chake kipana.

"Nimekuokoa," aliniambia polepole. "Hakuna mchezo tena. Nenda kakae kwenye benchi."

Benchi lilikuwa limejaa, ila pengo langu lilikuwepo, palepale pa kila Jumapili. Nililitazama. Nilijua ugali wa mtu mmoja una uzito gani mkononi.

"Niliahidi, Jakom."

"Uliahidi adui."

"Niliahidi mtu."

Nikavuta kiti. Boaz aliiacha pikipiki, akakaa upande wa pili. Nilimwaga vizibo mezani, nikaanza kupanga vyangu kama nilivyovikumbuka. Naye akapanga vyake. Nilikuwa nimeogopa kwamba tungebishana. Hakuna aliyejiongezea, hakuna aliyejisogeza. Alipoweka kizibo cha mwisho, kilikuwa mahali pabaya kwake, na alikiweka hapohapo.

Nyangau alichukua kofia yake. Mmoja mmoja wakainuka. Sikuwaangalia, lakini nilisikia benchi likilia kila mtu alipoliacha. Ogweno alikuwa wa mwisho. Alisimama nyuma yangu kwa muda, akipumua kwa nguvu kama afanyavyo mchezo ukimkaa rohoni.

"Kona ya kushoto, Nyar Kisii," alinong'ona. "Anakuja kutafuta kingi."

"Ogweno!" Nyangau aliita kutoka barabarani.

Ogweno akaenda.

Tulicheza. Boaz aligusa vizibo vyake kwa ncha ya kidole, kama mara ile. Hatukucheka. Mbele ya kinu mbuzi walipita, gari la Rongo likapiga honi na kuondoka. Niliilinda kona ya kushoto muda mrefu, lakini nilichelewa upande wa kulia, akapita hadi mstari wangu wa mwisho, akapata kingi, akala vitatu kwa safari moja.

"Pole," alisema.

"Ulicheza vizuri."

Nikainuka kumpisha anayefuata. Mwili wangu ulikuwa umezoea hivyo. Benchi lilikuwa tupu mwanzo hadi mwisho, na mimi nilibaki nimesimama kando ya kiti nikiwa nimeshika mgongo wake.

Boaz aliona. "Tucheze mwingine?" aliuliza.

"Hapana. Ulikuwa mmoja tu."

Pikipiki ilipopotelea upande wa Migori, nilikusanya vizibo kwenye kopo. Kimoja kilikuwa kimeanguka chini ya benchi. Nikapiga magoti nikakitafuta mpaka nikakipata. Nilipangusa ubao, nikaupandisha kwenye rafu pamoja na kopo, nikaufunika kwa karai usije ukaingiwa na unga, ili Jumapili ijayo waukute.