Nyundo ya Gereji Yetu

Mjomba hakuja kwetu kuinuliwa gari. Alilipeleka kwa watu wa bei nafuu, wakalipandisha kwa springi ndefu na matairi mapana, likawa refu hata mkewe anapanda kwa kigoda. Kwetu alilileta lilipoanza kumkataa.

"Likikanyaga shimo, usukani unajizungusha wenyewe," alimwambia kaka yangu. "Juzi limenipeleka hadi kwenye ukuta wa watu. Na njia ya shambani mnaijua, huku mlima, huku bonde. Mke wangu nampakia mle kila wiki."

"Ungekuja kwetu tangu mwanzo."

"Nyinyi mnachelewesha."

"Tunachelewesha watu kufa, Mjomba," kaka alisema, akaingia chini ya gari.

Ugonjwa wenyewe haukuwa na siri. Chini ya pua ya gari vyuma viwili virefu vinakatiza kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kimoja kinapeleka usukani kwenye magurudumu, kingine kinaizuia ekseli isihame kushoto na kulia. Lazima vilale mlalo mmoja, ili gari likipanda na kushuka viende pamoja. Wale wa bei nafuu walikirekebisha cha usukani, wakaona wamemaliza, cha pili wakakiacha mshazari. Basi kila shimo vyuma vinagombana, na dereva anavutwa huku na huku. Dawa yake ni kutengeneza kishikio kirefu cha bamba nene, kifungwe kwenye ekseli, kile chuma cha pili nacho kiinuke.

Gereji tuliirithi kwa baba. Mimi, dada yake, ni wa vipimo na boli; kaka ni wa kuchomelea. Wateja wanamwita Moto, na jina hilo analipenda kuliko alilopewa na mama. Baba alituachia pia sheria moja: kitu chochote cha usukani tulichokitengeneza wenyewe kinabanwa kwenye jiliwa, lile koleo la chuma lililofungwa mezani, na kugongwa kwa nyundo kubwa kabla hakijaonja gari, na anayegonga asiwe yule aliyekitengeneza. Mteja akitaka, anatazama. Miaka yote hiyo nimegonga kazi za kaka, na zote zimenirudishia nyundo mkononi.

Nilikata bamba, nikatoboa, nikampa. Akashusha kinyago cha kuchomelea usoni, cheche zikaruka. Nilimwona akisimama mara mbili katikati ya mshono na kuinamisha kichwa, kama anayetafuta sindano sakafuni. Kaka ukimuuliza kazini anakuwa mbogo.

Kilipopoa nikakibana kwenye jiliwa. Mjomba alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, kikombe cha chai mkononi. Nikagonga. Sauti ilitoka butu. Nikagonga tena, na kishikio kikaachana vipande viwili, kimoja kikaangukia kiatu changu.

Tukainama sote watatu, kaka akichungulia chini ya kinyago alichokiinua nusu tu. Mshono ulikuwa mzuri kwa macho, umejipanga vizuri, ila haukuwa mahali pake. Ulikuwa umepita kando ya maungio kwa upana wa ukucha, umelalia bamba moja na kuligusa la pili kidogo tu.

"Mimi sijaona kitu," Mjomba alisema, akageukia chai yake. Ilikuwa kauli ya huruma, na ilimuumiza kaka zaidi ya nyundo.

Wifi yangu alikuwa amemnunulia miwani, naye kaka alikuwa anaificha ndani ya sanduku la spana, chini ya matambara. Nikamsogelea, nikamwambia polepole Mjomba asisikie, "Kaka, ungevaa miwani."

Akanyanyua kinyago hadi juu ya kichwa. Miwani ilikuwa machoni, imejaa ukungu wa jasho.

"Nimevaa," alisema.

Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaitia mfukoni. Kisha akavua kinyago, akanivisha mimi, akakaza mkanda nyuma kwa sababu kichwa changu ni kidogo.

"Kata bamba jingine. Utachomelea wewe."

"Mimi najua kuchomelea mageti."

"Nitakuwa nasikiliza."

Akasimama nyuma yangu, mgongo kwa moto, akanichunga kwa masikio. "Unakimbia," alisema. Baadaye, "Umeenda mbali, sogeza ncha." Tena, "Hapo. Hiyo sauti ya mafuta kikaangoni, ishike hiyohiyo, usiiache." Niliishika mpaka mwisho. Mshono wangu ulikuwa na vinundu, mbaya kuutazama karibu na wake.

Kilipopoa akakibana mwenyewe kwenye jiliwa. Alipapasa mshono kwa kidole gumba, mwanzo hadi mwisho, taratibu. Halafu akachukua nyundo. Hakuwahi kuishika kwa kazi yangu, kwa sababu sikuwahi kuwa na kazi ya kugongwa.

Alipiga kwa nguvu zake zote. Jiliwa likaruka, meza ikatikisika, kikombe cha Mjomba kikamwagika. Akapiga tena. Alipiga kama mtu anayetaka kivunjike, na mimi, niliyekitengeneza, nilitamani hivyohivyo. Nilitamani kiachane vipande, tuwe wabovu wawili, tucheke, tuanze upya kesho.

Hakikuvunjika.

Kaka akaiweka nyundo chini, akahema. "Funga," akasema.

Nilifunga. Vyuma viwili vikalala mlalo mmoja. Mjomba akatoa ufunguo kunipa mimi, lakini kaka akaupokea yeye.

"Mbali naona vizuri," alisema, akapanda, Mjomba akapanda upande wa pili. Walitoka wakakanyaga shimo la pale getini, lile kubwa ambalo hatulizibi kwa ajili ya majaribio, na gari likapita limenyooka. Niliwatazama mpaka walipokata kona. Kinyago kilikuwa bado kichwani mwangu, kimekazwa kwa kipimo changu.