Pipa Lililovaa Blanketi

Tundu la tatu ndilo lililomtoa mwenye nyumba ndani. Nilikuwa natoboa pipa la mafuta kwa patasi, matundu ishirini na nne ubavuni, na kelele zilikuwa za kufufua wafu. 'M'e 'Malikeleli, yaani Mama Likeleli, akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Ntate Tšitso, hilo nalo ni nini?"

"Shamba."

Akautazama ua wake. Ni saruji tupu ukuta hadi ukuta, na sisi wapangaji hatuna hata udongo wa kuzikia panya. Kwa hiyo nilikuwa nimepanda kwenye chochote chenye kina. Vitunguu vilikuwa ndani ya mabuti ya mpira niliyorudi nayo kutoka mgodini. Figili zilikuwa kwenye helmeti. Ilikuwa mwanzo wa Machi, joto limeanza kulegea, na huo ndio wakati wa mboga za baridi. Ukichelewa, kipupwe kinakukuta na miche.

"Wajomba wa mchumba wa binti yangu Likeleli wanakuja mwisho wa Mei kuzungumza mahari," alisema. "Sitaki wakute jalala hapa."

"Utawalisha nini?"

"Nyama."

"Na mboga?"

Hapo mikono ikashuka kiunoni. Mgeni wa mahari huwezi kumpa nyama na ugali mtupu, na kabichi ya sokoni mwezi wa Mei yeye mwenyewe huilaani kila siku.

"Haya," alisema. "Siku hiyo nataka kabichi zako kwenye sahani zao. Zisipokuwepo, takataka zako zote zinapanda mkokoteni wa vyuma chakavu, na pipa ndilo la kwanza."

Nikakubali. Shule niliacha darasa la nne, lakini kabichi naijua.

Nililijaza pipa udongo na samadi, kabichi nne juu, spinachi kwenye matundu. Zilishika vizuri. Kisha Aprili ikafika mwisho na sakitu, umande ulioganda, ikaanguka mapema, asubuhi nzima nyeupe, na majani ya pembeni yakawa kama yamemwagiwa maji ya moto. Magunia yangu yalikuwa yameoza. Ndani tulikuwa na kitu kimoja tu kizito cha kutosha, blanketi langu la harusi, lile alilonivisha baba mkwe. Nikalizungushia pipa kila jioni, na kila asubuhi nikalivua kabla mke wangu hajaamka.

Wiki ya pili aliamka mapema. 'Mathuso si mtu wa kelele. Alilizunguka pipa mara mbili.

"Magunia yameoza," nilijitetea.

"Sikuuliza magunia. Nauliza mistari. Mbona umeilaza?"

Kwetu hakuna asiyejua hili. Mistari ya blanketi husimama, kutoka begani hadi miguuni, ili mwenye kulivaa akue. Ukiilaza unajidumaza.

"Kabichi haijui mistari," nikasema.

"Mbona ziko kama ngumi?"

"Ni baridi."

"Mama yako alikuwa anakufunga vipi ulipokuwa mdogo? Hebu jiangalie urefu wako."

Niligeuza blanketi. Mistari ikasimama, nikalibana kifuani kwa ile pini kubwa ya harusi. Juu palibaki wazi, upepo unaingia, nikachomeka kijiti katikati ya kabichi na kukivika kofia yangu ya nyasi yenye ncha. Siwezi kuapa kuwa ni mistari. Nasema tu kwamba wiki mbili baadaye kabichi zilikuwa na vichwa kama vya watoto wachanga.

Siku ya wageni ikafika. Wa kuwapokea alikuwa Ntate Sekoati, shemeji yake 'M'e 'Malikeleli kutoka Mafeteng. Alitakiwa kufika tangu jana yake. Hakufika.

Alfajiri niliamka na tumbo, nikakimbilia choo cha uani. Blanketi lilikuwa kwenye pipa, mabuti yalikuwa na vitunguu, basi nilikwenda peku, na nguo ya ndani ya kulalia iliyotoboka magotini. Nikiwa humo ndani lango likalia. Nikachungulia kwenye ufa wa mlango. Wanaume wawili, mablanketi mazuri, kofia mkononi. Wajomba. Mtu hawezi kuwatokea wakwe wa jirani bila blanketi na bila suruali. Nikabaki nimechuchumaa.

Mkubwa wao, Ntate Phakoe, alisogea hadi mbele ya pipa langu akainamisha kichwa.

"Khotso, Ntate."

Pipa likanyamaza.

"Tumetoka mbali kidogo. Tumekuja kuomba maji ya kunywa," akasema, kama inavyosemwa kwenye posa.

Pipa halikusema lolote. Yule wa pili akanong'ona, "Wanatupima. Ndivyo walivyo watu wa bibi harusi, hawajibu haraka."

"Najua, mjinga wewe." Phakoe akakohoa. "Ntate, sisi si watu wa maneno mengi. Tuna ng'ombe kumi na wawili."

Upepo ukatikisa kofia. Ikaenda kushoto, ikarudi kulia.

"Amekataa," yule wa pili alisema.

"Nimeona. Kumi na wanne, Ntate."

Kofia ikaenda kushoto, ikarudi kulia.

"Huyu mzee hana huruma," Phakoe alinong'ona, jasho likimtoka katika baridi ile. "Kumi na sita. Na farasi. Zaidi ya hapo utatuvua nguo."

Upepo ukatulia. Hapo 'M'e 'Malikeleli alikuwa ameshasimama mlangoni. Alilitazama pipa, akawatazama wageni. Nilimwona akimeza kitu kikubwa, nadhani ni kicheko.

"Mzee amesikia," akasema. "Na farasi tumemshukuru. Karibuni ndani, baba zangu."

Walipopita nilichomoka chooni, nikapata suruali. Sikupata hata kukaa. 'M'e 'Malikeleli alitoa kichwa dirishani.

"Ntate Tšitso, nyama inakaribia. Kabichi ziko wapi?"

"Zimevaa," nilisema kwa sauti ya chini. "Wageni wanaona kila kitu kupitia mlango huo."

"Makubaliano ni makubaliano. Mkokoteni unapita saa nne."

Kumvua mzee mbele yao nisingeweza. Nilichukua kisu nikasimama nyuma ya pipa kama mtu anayepunga hewa, nikapitisha mkono chini ya blanketi, juu, hadi nikashika kichwa cha kwanza. Shina lilikuwa gumu. Nikavuta. Kofia ikaruka.

"We bwana!" Phakoe alikuwa ameshatokea uani. "Unamfanya nini mzee kwa kisu?"

Mkono wangu ulikuwa umeshatoka na kabichi. Nikaishika tu. Pini ikafunguka, blanketi likaanguka, na pipa likabaki na spinachi zake ubavuni na kabichi tatu juu.

Phakoe alisogea, akagusa jani la kabichi.

"Nimeisalimia kabichi," akasema.

"Kwa heshima kabisa," nikamwambia.

"Niliiongezea ng'ombe wanne."

"Na farasi," 'M'e 'Malikeleli akakumbusha kutoka jikoni.

Yule wa pili alikuwa ameketi chini kwenye saruji, analia kwa kucheka. Phakoe alijaribu kukasirika, akashindwa, akavaa kofia yake. "Ng'ombe nimewataja mbele ya shahidi, siwarudishi. Lakini huyo mzee leo namla."

Akamla, sahani mbili, akaomba supu.

Saa nne mkokoteni ulipita, 'M'e 'Malikeleli akaupungia uende zake. Saa tano Ntate Sekoati akafika kutoka Mafeteng, mnene, amechoka, blanketi mpaka masikioni, kofia ya ncha kichwani. Akakaa kando ya pipa bila kusema kitu ili apumzike.

Phakoe alitoka, akasimama mbele yake. Hakusalimia. Aliinama, akashika pindo la blanketi, akalifunua taratibu kuona chini kumeota nini.