Moshi wa Tanuri la Germana

Daktari alipomkataza Fulgence moshi, mume huyo wa Germana alihamia Miyuji, mjini Dodoma, kwa dada yake Anastazia, kutunza mapafu. Germana akabaki na mtoto wao Noeli na tanuri, juu ya kilima kule Kibakwe. Mvua zikaja zikaisha, mahindi yakavunwa, na kitanda bado kilikuwa kipana mno. Alimtamani mumewe mpaka akakasirika.

Kazi yao ilikuwa kuchoma mawe. Wachimbaji wa dhahabu waliwaletea mawe yaliyotwangwa, yanayometameta manjano kwa salfa, na dhahabu imejificha humo humo, haitoki kwa kuoshwa tu. Dawa yake ni moto na hewa. Unatandaza chenga tanurini, unawasha kuni kiasi, unageuza kwa reki ili kila chenga ipate hewa yake. Salfa inaungua na kuondoka na moshi unaokaba koo, kama boksi zima la kibiriti limewashwa kwa mpigo. Chuma kilichomo kinabaki na kutu, na mawe yanakuwa mekundu kama kichuguu.

Jumatano Fulgence alipiga simu. Kifua kimetulia, daktari kamruhusu aje Ijumaa, mradi asikute moshi. Germana aliimba siku nzima, na sauti yenyewe hana.

Tanurini mlikuwa na mzigo wa Athuman, mchimbaji mpole wa Kondoa, aliyekwisha kumwambia asijisumbue, hata wiki ijayo angengoja. Germana angeweza kuutoa ukapoa, akaumalizia baadaye. Lakini mapenzi yana kiherehere chake. Germana alitaka mumewe akute uwanja umefagiwa na tanuri tupu, kana kwamba kazi ile haikuwahi kuwatenganisha. Basi akajaza kuni.

Hapo ndipo alipoharibu, na alikuwa anajua. Moto ulizidi, chenga zikaanza kuyeyuka na kushikana, zikawa bonge moja gumu. Reki ikagonga kama inagonga sakafu. Nje bonge lilikuwa jekundu vizuri. Ndani salfa ilikuwa imefungiwa mbichi, ikawa inaungua yenyewe polepole na kutoa moshi kwenye nyufa. Germana alitoa kuni zote, halikujali. Alimwaga maji, mvuke mchungu ukamrudisha nyuma. Alilifukia kwa udongo, moshi ukatafuta pengine pa kutokea. Ijumaa asubuhi lilikuwa bado linafuka, na upepo unaupeleka moshi moja kwa moja mlangoni kwao.

Alikaa chini akalia, akajiita mjinga kwa sauti. Kisha akaoga, akaoga tena, akaazima kitenge cha jirani yake Anjelina kwa sababu nguo zake zote zilinuka salfa. Nywele nazo zilikataa kuachia harufu. Akachukua wembe akanyoa zote, akateremka kituo cha basi.

Fulgence alishuka amekonda, begi mkononi. Alipokiona kichwa cha mkewe alisimama pale pale, maana kwao mwanamke hunyoa hivyo akishazika.

"Mama Noeli, mtoto ana nini?"

"Noeli mzima, yuko shuleni. Hakuna aliyekufa."

Akamweleza habari za nywele, kisha za lile bonge, na kwamba nyumbani hapafikiki. Fulgence alisikiliza mpaka mwisho. Alicheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi.

"Uliharakisha moto," alisema. "Wewe, uliyenifundisha mimi kusubiri."

"Nilichoka kusubiri, Baba Noeli."

Waliketi kwenye benchi la mama ntilie, wakaagiza chai, wakatazama kilima chao na ule uzi mweupe unaopanda juu yake. Basi lile lile lingegeuza mchana kurudi Dodoma, na Fulgence angepanda. Hilo wote wawili walilijua bila kuambiana.

Akamshika mkono. Kiganja cha Germana kilikuwa bado kinanuka, maana moshi wa miaka hautoki kwa sabuni ya asubuhi moja. Kikohozi kikampanda Fulgence, na Germana akataka kuuvuta mkono wake. Fulgence aligeuza uso upande wa pili, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na ule mkono akaushikilia hadi kondakta alipoanza kuita abiria wa Dodoma.