Koti Jeupe Moja, Wanawake Arobaini na Mmoja

Mimi Mumbua nina mdomo, na sikatai. Siku tuliyochagua mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi kwenye godauni la ndengu hapa Kasikeu, mwanamke mwenzetu Mbithi alisimama akasema, "Huyu akiingia kwa meneja atamtukana, tufukuzwe sote." Nilitaka kumrushia ungo. Lakini walinichagua, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali.

Tulikuwa tunadai makoti na maski. Kuchambua ndengu kutwa nzima ni kumeza vumbi. Nzisa, tunayemwita susu kwa vile ni nyanya yetu sote, alikuwa akikohoa mpaka anakaa chini. Makoti yalikuwa ya wasimamizi tu, meupe pe, na kila mmoja wetu aliyatamani. Hata mimi, jamani, nisidanganye.

Mwenyekiti aliyenitangulia alikuwa Mulinge. Aliitwa ofisini peke yake, akatoka amevaa koti jeupe. Msimamizi hawezi kuongoza chama cha wafanyakazi, ni mtu wa kampuni. Chama kikafa siku hiyo hiyo, na Mulinge akaanza kutupita kama hatujui.

Sasa Jumatatu moja akaja Mulinge huyo huyo. "Mumbua, unaitwa na bosi," akasema, bila kunitazama machoni. Nikajua.

Meneja, Bwana Nzioka, alinikaribisha chai. Chai! Miaka sita sijapewa hata maji. Kisha akaweka koti mezani, jipya, limepigwa pasi.

"Wewe ni kiongozi, mama. Kuanzia leo ni msimamizi."

Woi! Mkono ulikwenda wenyewe. Akilini nikamwona mama mkwe wangu kanisani Jumapili akitangazia watu cheo changu. Halafu nikasikia susu anakohoa huko nje. Hasira ikanipanda, matusi yakafika kwenye meno. Nikakumbuka maneno ya Mbithi, nikayameza yale matusi.

"Asante," nikasema. Nikabeba koti, nikatoka.

Nje walininunia wote. "Ametiwa mfukoni," Abshiro akasema, wala hakushusha sauti. Nilimvika susu lile koti, nikamfunga vifungo vyote.

"Tufanye kama mwethya," nikawaambia. Mwethya kwetu nani asiyeujua? Leo tunalima kwako, kesho kwangu, na hakuna anayerukwa. Koti litavaliwa kwa zamu.

Basi siku hiyo msimamizi mpya alikuwa susu. Kesho yake Abshiro, juu ya hijabu yake. Keshokutwa Nduku, na vifungo vya tumboni vikakataa kabisa. Meneja akimtuma Mulinge amwite msimamizi mpya, anaingia mwanamke mwingine, anasema yale yale: "Tunaomba makoti mengine arobaini, na maski." Kutufukuza hakuweza. Ulikuwa msimu wa ndengu, na malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka barabarani. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Siku ya kumi na mbili Bwana Nzioka akaja mwenyewe. "Kwani mwenyekiti wenu ni nani?"

Koti lilikuwa kwa Mbithi. Akajipangusa vumbi polepole. "Leo ni mimi, bwana. Kesho ukija utamkuta mwingine."

Meneja akatuangalia sote, akamwangalia Mulinge, akacheka kama mtu aliyechoka. Siku hiyo hiyo akatia sahihi karatasi ya kukitambua chama.

Makoti yakaja, ya bluu, arobaini na moja, pamoja na maski. Susu sasa anakohoa kidogo tu, tena anaimba akichambua. Sauti yake ni mbaya lakini tunavumilia. Mbithi naye anajisifu kila siku kwamba ndiye aliyemshinda meneja, na nimemwachia.

Lile jeupe linaning'inia kwenye msumari pale mlangoni. Orodha ya zamu niliiandika mwenyewe, nikajiweka wa mwisho, na tuliishia kwa Mbithi. Sijalivaa hata siku moja. Asubuhi nikilipita huwa nalipangusa vumbi begani, halafu nachukua langu la bluu, moyo umetulia tuli.